Kijani Kisicho na Mwenyewe

Kadi ya rangi ya majani ya mpunga ni kipande cha plastiki chenye vibao vinne vya kijani, kuanzia kijani chenye umanjano hadi kijani kilichokolea. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, yenye makao yake Los Baños huko Ufilipino, imeisambaza kwa wakulima wa Asia kwa miaka mingi. Mkulima huingia jarubani, huchagua jani changa lililokwisha kukunjuka lote, hulikinga na jua kwa kivuli cha mwili wake, kisha huliweka juu ya vibao na kulilinganisha katikati yake. Husoma majani 10 au zaidi. Yakiwa yamepauka kuliko kibao kinachotakiwa, mpunga una njaa ya naitrojeni na wakati wa kutia urea umefika. Yakiwa yamekolea vya kutosha, mfuko unabaki stoo. Uamuzi wote, na fedha yote ya mbolea, umo ndani ya tofauti ya kijani kimoja na kingine.

Kisa ninachokisimulia nimekiunga kutokana na makosa ambayo mafundi wa uchapaji wanayafahamu vizuri. Wahusika wake ni wa kutunga na hawana majina, lakini kila kosa lililomo linatokea kweli, na linawatokea watu makini.

Chama kimoja cha wakulima wa mpunga bonde la Kilombero kilitaka kijitabu cha kilimo bora. Kazi ya kupanga kurasa alipewa binti mmoja wa Dar es Salaam, mbunifu mwenye jicho zuri na mkono mwepesi. Alipoletewa kadi ya plastiki kama mfano, akapata wazo: kwa nini kila mwanachama asipewe kadi hiyo ndani ya kijitabu chenyewe? Akaiskani, akachukua namba za kila kibao, akachora vibao vinne kwenye ukurasa wa katikati. Akaiweka kadi pembeni ya kompyuta yake, akalinganisha. Vilifanana. Akatengeneza PDF, akaituma kwenye kiwanda cha uchapaji.

Vijitabu vilifika Ifakara vikiwa vimefungwa vizuri na vikagawiwa. Afisa ugani ndiye aliyeshtuka, na alishtuka baada ya wiki kadhaa, pale alipokiweka kijitabu juu ya meza karibu na kadi ya plastiki. Kijani cha karatasi kilikuwa kizito, kimeingiwa na tope. Jani zuri la mpunga likiwekwa juu yake lilionekana limepauka. Wakulima waliokitumia walikuwa wamekwishaona "njaa" ambayo haikuwepo, wakatia urea ya nyongeza kwenye mpunga ulioshiba. Mpunga wa namna hiyo hurefuka ukalala kabla ya kuvunwa, na ugonjwa wa blasti huupenda mmea wenye naitrojeni nyingi. Hakuna aliyedanganya, na mashine haikuharibika. Hata hivyo karatasi ilisema uongo shambani.

Binti alipanda daladala hadi kiwandani na kijitabu mkononi. Fundi wa kuandaa pleti alikuwa mzee wa makamo aliyeanza kazi enzi za filamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na kesi."

"Rangi zimebadilika. Kwenye kompyuta yangu hazikuwa hivi."

Mzee hakubishana. Alilifungua faili kwa programu ya ukaguzi, akakibofya kibao cha pili, akamwonyesha kilichoandikwa ndani: *0.4 0.6 0.2 rg*.

"Hii ndiyo rangi uliyoniletea. Namba tatu. Nyekundu sehemu nne za kumi, kijani sita, bluu mbili. Swali langu ni moja: namba hizi ni za nani?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo lote, na ningependa kila anayetuma kazi kiwandani alijibu kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma. Ndani ya PDF zipo namna mbili za kutaja rangi ambazo kwa macho ya kioo zinafanana kabisa. Ya kwanza ni rangi za kifaa. Zipo tatu: ya kijivu, ya RGB na ya CMYK. Herufi *rg* kwenye mstari ule zina maana kwamba namba tatu zilizotangulia ni za RGB ya kifaa. Kifaa gani? Faili halisemi. Kile kitakacholipokea. Ni sawa na mtu kusimama mlangoni mwa duka akasema "nipe kumi" asiseme kilo, debe wala shilingi. Muuzaji atampa kitu, naye atalipa, ila kitakachotoka ndani kimetegemea fikra za muuzaji.

Mzee alimwonyesha fikra za mashine yake. Programu inayoligeuza faili kuwa nukta za kuchomwa kwenye pleti, wenyewe wanaiita RIP, ilipokutana na RGB isiyo na mwenyewe ilifuata hesabu ya zamani iliyomo hata kwenye maelezo rasmi ya PDF: kila wino ni kinyume cha mwanga wake. Sayani ni 1 kutoa 0.4, yaani asilimia 60. Majenta ni 1 kutoa 0.6, yaani 40. Njano ni 1 kutoa 0.2, yaani 80. Basi kibao kikachapwa kwa sayani 60, majenta 40 na njano 80. Majenta ndiyo adui mkubwa wa kijani, kwa kuwa kazi yake kwenye karatasi ni kuumeza mwanga wa kijani. Asilimia 40 ya majenta ndani ya jani la mpunga ndiyo lile tope.

Kiwanda cha jirani kingeweza kutoa jibu jingine kwa hesabu ileile. Sehemu ya 40 iliyo sawa kwenye wino zote tatu inaweza kuondolewa ikawekwa nyeusi mahali pake, ikabaki sayani 20, majenta sifuri, njano 40 na nyeusi 40: kijani cha majivu. Kiwanda cha tatu kingedhani namba zile ni za sRGB, kikapata mchanganyiko wa namna nyingine kabisa. Faili ni lilelile, na hakuna kiwanda kati ya hivyo vitatu kilichokosea, kwa kuwa hakuna kilichoambiwa.

Tusizichukie rangi za kifaa, maana zina kazi yake. PostScript ilipotoka mwaka 1984, na PDF ilipoifuata mwaka 1993, rangi za kifaa zilikuwa amri ya moja kwa moja kwa mashine: weka wino kiasi hiki, usiulize. Mchapaji anayeijua mashine yake anahitaji amri hiyo. Akiandika *0 0 0 1 k*, anasema sayani sifuri, majenta sifuri, njano sifuri, nyeusi yote. Hataki mtu amtafsirie. Likumbuke hilo, litarudi kumwuma binti wetu.

Namna ya pili ni rangi zilizopimwa. Hizi haziamuru wino wala mwanga wa kifaa. Zinaeleza kile jicho la mtu linachopaswa kuona. Msingi wake uliwekwa mwaka 1931, Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, ilipokubali vipimo vya macho ya watu vilivyofanywa Uingereza na David Wright na John Guild. Mwaka 1976 tume hiyo ikatoa Lab, ambamo kila rangi ina namba tatu: weupe wake kuanzia 0 hadi 100, mwelekeo wake kati ya kijani na nyekundu, na mwelekeo wake kati ya bluu na njano. Namba za Lab, zikitajwa pamoja na mwanga wa kutazamia, zina mwenyewe. Ukizipeleka Nairobi au Muscat, rangi inayotajwa ni ileile.

Mwaka 1993 kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, zikaanzisha umoja wa ICC ili kila kifaa kiwe na cheti chake. Cheti hicho ni profaili: faili dogo linalosema kwamba kwenye kifaa hiki, namba hizi zinazaa Lab hii. RGB ikifungwa pamoja na profaili ndani ya PDF, haiwi tena ya kifaa chochote. Ina kwao. sRGB, iliyopendekezwa na Hewlett-Packard na Microsoft mwaka 1996 na kufanywa kiwango cha IEC mwaka 1999, ndiyo profaili inayojulikana zaidi. Kwa CMYK, shirika la Fogra la Ujerumani limetoa vipimo ambavyo wachapaji wa nchi nyingi huvifuata: FOGRA39 kwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa, FOGRA47 kwa karatasi isiyo na mng'ao, na baadaye FOGRA51 na 52. Wamarekani wana vyao, Wajapani vyao. CMYK ni familia ya lugha nyingi, na sayani 60 kwenye karatasi ya kung'aa si sayani 60 kwenye bondi inayonyonya wino.

Binti aliyasikia hayo yote, akayaelewa nusu. Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na kwangu hii ndiyo sehemu nzito zaidi, kwa sababu makala na mafunzo mengi huishia kwenye "weka profaili" na kumwacha mtu ukingoni mwa shimo la pili.

Alirudi nyumbani amedhamiria kwamba hakuna rangi ya kifaa itakayobaki ndani ya faili lake. Akachagua amri ya kugeuza kila kitu: picha, vibao, nembo, vichwa vya habari, maandishi. CMYK yote ikavishwa profaili ya Kimarekani iliyokuja na programu yake, kisha ikageuzwa kwenda profaili ya karatasi isiyo na mng'ao. Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Ukaguzi wa faili ukapita bila onyo. Chama kikalipia uchapaji wa pili.

Safari hii vibao vilipona kwa kiasi. Maandishi ndiyo yaliyougua. Kila herufi ilikuwa na kivuli cha pinki upande mmoja na cha samawati upande mwingine. Herufi ndogo za majedwali ya mbolea, zile zinazosema kilo ngapi kwa ekari, zilisomeka kwa shida. Wino ulichelewa kukauka, ukahamia mgongoni mwa karatasi iliyolazwa juu yake. Pale herufi nyeusi zilipokaa juu ya mandharinyuma ya kijani, mwanya mweupe ulichungulia kandokando, kwa sababu nyeusi iliyokuwa imeamriwa ichapwe juu ya kijani sasa ilikuwa rangi nne zilizochimbiwa nafasi yake.

Nini kilitokea? Ile *0 0 0 1 k* ilikuwa amri: wino mweusi peke yake. Alipoivisha profaili aliigeuza kuwa maelezo: "rangi nyeusi inayoonekana hivi". Ugeuzaji wa ICC hupita Lab, na Lab haijui wino. Inajua rangi tu. Ukiipa nyeusi inaikumbuka kama giza la kiwango fulani, kisha upande wa pili inauliza: kwa karatasi hii, giza hili linapatikana kwa mchanganyiko gani? Jibu linakuja na rangi zote nne. Fungua programu ya picha yenye mipangilio ya kawaida ya Kimarekani, ugeuze nyeusi ya RGB kwenda CMYK ya SWOP, kipimo cha Wamarekani, utaona sayani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Jumla yake ni asilimia 300 ya wino kwa ajili ya nukta juu ya herufi i. Kwa picha ya usiku mchanganyiko huo unapendeza. Kwa herufi nyembamba unataka pleti nne zikutane mahali pamoja kwa usahihi ambao hakuna mashine inayoushika kwa maelfu ya nakala, na karatasi yenyewe hutanuka ikinyonya unyevu.

Ndiyo maana nasema kosa la pili ni ndugu wa kosa la kwanza. Mara ya kwanza kijani kilihitaji maelezo kikapewa amri. Mara ya pili herufi zilihitaji amri zikapewa maelezo. Swali la kuuliza kwa kila kitu kilichomo kwenye ukurasa ni hili: hapa nataka jicho lione rangi fulani, au nataka wino fulani ukae? Picha ya jaruba: jicho. Maandishi, mistari ya jedwali, alama za kukatia: wino. Nembo iliyokubaliwa na mteja kwa asilimia zake: wino, mradi karatasi ni ileile. Anayejibu kwa neno moja kwa faili zima, liwe "zote" au "hakuna", ameacha kuangalia kazi yake.

Viwango vya uchapaji vinaonyesha mvutano huohuo. PDF/X-1a ya mwaka 2001 iliwafungia watu mlango: CMYK, kijivu na wino maalumu tu, hakuna RGB wala Lab. Mwaka uliofuata PDF/X-3 ikaruhusu rangi zilizopimwa. PDF/X-4, mwaka 2008, ikaongeza uwazi wa tabaka. Zote tatu zinadai jambo moja ambalo wabunifu wetu wengi hulipita haraka: faili litamke limeandaliwa kwa ajili ya uchapaji wa aina gani. Tamko hilo likiwepo, hata CMYK ya kifaa inapata mwenyewe bila kuguswa namba zake, kwa sababu kila asilimia sasa inasomwa kama asilimia ya hali hiyo ya uchapaji, na nyeusi tupu inabaki nyeusi tupu. Ni sehemu ndogo ya faili yenye faida kubwa sana, na naona inastahili kufundishwa siku ya kwanza ya somo la usanifu kurasa.

Kuna mlango mwingine mdogo ambao anayekagua mafaili aujue. PDF inaweza kubeba rangi ya kudhania: faili linaandika RGB ya kifaa, lakini pembeni limeweka kwamba kila RGB ya kifaa ichukuliwe kama sRGB. Ni dawa nzuri kwa mafaili ya ofisini. Ikiwekwa kwa CMYK bila kufikiri, inarudisha ugonjwa wa herufi zenye rangi nne huku msomaji wa namba akiona *0 0 0 1 k* na kuamini mambo ni shwari.

Uchapaji wa tatu ulianza kwa maswali badala ya kuanza kwa faili. Binti alimwuliza mzee: karatasi gani, profaili gani, mnapokea PDF/X ipi, na RIP yenu inaifanya nini RGB isiyo na profaili? Mzee alimjibu yote, na kwa la mwisho akambadilishia mipangilio mbele ya macho yake. Picha zikabaki RGB zenye profaili ya sRGB. Maandishi na majedwali yakawa wino mweusi tu. Nembo ikawekewa asilimia zilizojaribiwa kwenye bondi ileile. Tamko la karatasi isiyo na mng'ao likaingia.

Vikabaki vibao vinne. Safari hii hawakuskani. Skana nayo ni kifaa, na namba zake bila profaili ni yatima vilevile. Waliazima spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, wakaipima kadi ya plastiki, wakaandika Lab ya kila kibao ndani ya faili kama Lab. Wakachapa karatasi za majaribio, wakazipima. Kwa wino wa msingi uliochapwa peke yake, kiwango cha ISO 12647-2 huvumilia tofauti ya 5 kwa kipimo cha CIE, na walitumia hiyo kama mpaka wao. Vibao vitatu viliingia ndani. Cha kijani kilichokolea kiligoma: bondi haikuweza kushika ukolevu huo, hata wino ungewekwa kiasi gani.

Hata vile vitatu havikumridhisha afisa ugani, na nadhani alikuwa na haki. Alivitoa nje. Chini ya taa ya kutazamia prufu, ile inayoiga mwanga wa D50 ambao uchapaji wote umeuchagua, karatasi na plastiki vilikubaliana. Chini ya mwembe, saa kumi na moja jioni, viliachana. Rangi ya plastiki na mchanganyiko wa wino hurudisha mwanga kwa njia tofauti. Zinaweza kukutana chini ya taa moja na kutengana chini ya nyingine, na Lab iliyopimwa kwa mwanga mmoja haiahidi lolote kwa mwanga mwingine. Profaili haitibu hilo. Mkulima hana taa ya D50 jarubani.

Wakaviondoa vibao. Ukurasa wa katikati ukapewa mchoro wa jinsi ya kulishika jani kivulini, na jedwali la kuandika tarehe, namba za majani 10 na wastani wake kutoka kadi halisi. Mstari mmoja, kwa nyeusi tupu, unasema rangi zilizomo kijitabuni zisitumike kulinganishia majani. Fedha iliyokusudiwa kwa karatasi bora ikanunua kadi za plastiki, moja kwa kila kikundi cha wakulima.